Jinsi ya kutabiri mechi za vyuo vya Marekani ukiwa Moshi bila mkeka kuchanika kila Jumamosi

Wadau niaje, kuna washkaji kijiweni hapa Majengo kila wiki wananiuliza mi napatiaje mechi za mpira wa Kimarekani, ule wa vyuo, wakati hata sheria zake nimejifunzia mlimani. Ni kweli nimejifunzia mlimani. Kazi yangu kupandisha wageni Kilimanjaro, na Mmarekani akishavaa kofia ya chuo chake basi siku sita ni stori za mpira tu, mnafika kambi ya Barafu mtu anahema kama kafukuzwa na mbwa na bado anamlalamikia kocha. Sa ntawaambia ninavyofanya.

Kwanza saa, maana watu wengi wanabeti mechi ambayo hawajui hata inaanza lini. Mechi nyingi ni Jumamosi. Ile ya saa sita mchana ya kule mashariki mwa Marekani huku kwetu ni saa moja usiku, ya saa tisa na nusu inakuwa saa nne na nusu usiku, na ile ya usiku wao inaangukia saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa zao nyuma, kwaiyo ongeza lisaa limoja kwenye kila kitu. Bando weka mapema, usiku wa manane mangi wa vocha kashalala.

Alafu ujue huku hakuna X. Sare ilishafutwa tangu 1996, wakilingana wanaenda ovataimu, kila timu inapewa mpira kwenye yadi 25 inajaribu kufunga, na kama bado ngoma droo wanaendelea. Georgia na Georgia Tech 2024 walienda ovataimu nane, ikaisha 44-42, mi nilikuwa nimeshalala nikaamka nikakuta bado hawajamaliza.

Sasa kutabiri kwenyewe. Kosa namba moja ni kubeti jina. Mi nikiwa getini siku ya kwanza simwangalii mgeni mwenye gia za bei mbaya, namwangalia anavyotembea. Kwenye mpira huu kutembea ni wale mabonge watano wa mstari wa mbele, watu wa kilo 130 na kuendelea, ambao hakuna anayejua majina yao. Kazi yao kumlinda kotabeki (yule anayerusha mpira) na kufungua njia ya kukimbia na mpira. Kotabeki hata awe mzuri vipi, wale wakipwaya anakula vumbi. Kwaiyo kabla hujaweka jina lolote kwenye mkeka, tafuta kwanza nani kaumia mstari wa mbele, na mechi tatu zilizopita kotabeki kaangushwa mara ngapi.

Hii nimejifunza kwa machungu. Novemba 30, 2024, Ohio State wako nyumbani na Michigan, Michigan tayari kashapoteza mechi tano msimu huo, kampuni za kubeti zikasema Ohio State atashinda kwa karibu pointi 20. Nikaona hela ya bure nikaweka yote kwa Ohio State. Kumbe mabonge wawili wa Ohio State walishaumia, na kocha akang'ang'ana kupitisha mpira katikati palepale palipojaa watu, Michigan wakakimbia yadi zaidi ya mara mbili yake, ikaisha 13-10. Michigan kashinda. Nilikaa kimya mpaka Jumatatu. Na cha kuchekesha, Ohio State hiyohiyo Januari ndo ikachukua ubingwa.

Kitu cha pili, na hiki ndo mi napigia hela kuliko vyote, angalia wiki iliyopita. Sio walishinda au walifungwa, angalia walishinda NANI. Vijana wa miaka 19, 20, wamempiga mkubwa, wiki nzima wanasifiwa chuoni, alafu Jumamosi anakuja mnyonge hawana hata habari naye. Mgema akisifiwa, si unajua (huku kwetu tungesema mbege lakini yaleyale). Notre Dame 2024 walienda kumfunga Texas A&M kwake 23-13, wiki inayofata wako nyumbani na Northern Illinois wakafungwa 16-14. Mwezi huohuo Alabama wakampiga Georgia 41-34, wiki inayofata wamekaa namba moja nchi nzima, wakaenda kwa Vanderbilt wakala 40-35. Sisemi umpe mnyonge ushindi, mara nyingi hashindi, nasema mpe pointi. Akipewa +20, yaani anaongezewa pointi 20 kwenye mkeka, akafungwa kwa 10 we umekula.

Na hizo pointi zisikuzingue. Ukiona -7 maana yake timu yako lazima ishinde kwa 8 na zaidi ndo ule, ikishinda kwa 7 kamili unarudishiwa hela yako. Fildi goli (mpira kupigwa teke katikati ya milingoti) ni 3, tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) na teke lake ni 7, ndo maana tofauti ya 3 au 7 inatokea mara nyingi kuliko nyingine. Kwaiyo -2.5 na -3.5 ni vitu viwili tofauti kabisa japo kwa macho zinafanana. Mi -3.5 naikimbia.

Timu zilizonunua wachezaji wapya usizidharau pia, siku hizi wanahama vyuo kama daladala. Indiana 2023 walishinda mechi tatu tu, akaja kocha Curt Cignetti na vijana wake aliotoka nao chuo cha James Madison, msimu uliofata kabla ya mtoano wakashinda 11 wakafungwa moja. Anayetabiri kwa historia ya miaka kumi alilia.

Alafu mwinuko, hapa sisi watu wa mlima tuna faida. Uwanja wa Wyoming kule Laramie uko kama mita 2,200, juu kuliko geti la Machame! Timu ya tambarare ikipanda kule robo ya nne naijua kabla sijaona, ni sura za wageni wanaoshikilia fimbo kwa mikono miwili.

Haya, mechi za mwisho wa msimu mi naenda hivi. Michigan na Ohio State, yule anayepewa pointi namchukua yeye bila kujali ni nani, tangu ile 2024 sina imani na mkubwa kwenye mechi ile. Alabama na Auburn, kama inachezwa kwa Auburn mi siweki hata mia, 2013 palepale Alabama walipiga fildi goli ikapungua nguvu, mtu wa Auburn akaidaka akakimbia nayo uwanja mzima mechi ikaisha hapohapo 34-28. Army na Navy mwezi wa 12 pointi chache, wote wanapenda kukimbia na mpira na saa inaenda, we chukua chini, yaani jumla ya pointi isifike namba iliyowekwa. Ile huwa inaanza saa tano usiku kwetu, na mwaka huu asubuhi yake nina wageni wanne geti la Machame, kwaiyo ntakayemkuta macho anitumie matokeo.