Mtu mzima akipata degedege la malaria iliyopanda kichwani, fanya hivi

Wengi tunajua degedege ni la watoto, sasa baba mzima ana homa siku ya tatu, anaanza kuongea vitu havieleweki, mara kakakamaa anatetemeka mwili mzima, hapo ndo utasikia kapandisha mashetani na mchungaji anapigiwa simu. Jamani, homa na degedege sehemu zetu hizi zenye malaria ni hospitali, tena muda huohuo, maombi yatafanyika njiani.

Akiwa anatetemeka usimkandamize wala usimtie kijiko mdomoni. Sogeza vitu vya kumuumiza, weka khanga chini ya kichwa, angalia saa limeanza lini, na mwingine awe anatafuta gari au bajaji, bodaboda hapana. Likitulia mlaze kiubavu mate na matapishi yatoke nje. Hajitambui? Basi asipewe maji, panadol wala mseto, vitaishia kwenye mapafu.

Halafu sio kila degedege ni kurusha mikono na miguu. Unaweza kukaa na mgonjwa wodini unadhani kalala, kumbe kope zinachezacheza, macho yote yamevutwa upande mmoja, pembe ya mdomo inaruka. Muite nesi, hilo nalo ni degedege.

Mkifika semeni homa imeanza lini, kameza dawa gani, na kama ni mama, ana mimba au hana. Ulizeni kama sukari imepimwa manake sukari ikishuka nayo inaleta degedege, na malaria kali inaishusha sana hasa kwa wajawazito na waliochomwa kwinini. Degedege lisipokata lenyewe wanachoma diazepam polepole, ikienda haraka inaweza kukata pumzi. Malaria yenyewe ni sindano ya artesunate, akianza leo saa 2 asubuhi, sindano ya pili ni saa 2 usiku, ya tatu kesho asubuhi, baada ya hapo moja kila siku mpaka aweze kumeza. Wakitaka kupima maji ya mgongo msikatae, homa ya uti wa mgongo inafanana mno na hii. Na msigombane na nesi eti dripu ni chache, mtu mzima mwenye malaria kali akijazwa maji yanakimbilia kwenye mapafu.

Akizinduka anamalizia mseto siku 3, hata kama anadai kapona anataka kurudi kazini. Akitetemeka tena baada ya kutoka, mrudisheni, msiseme ni mabaki ya malaria.