Kabla Hujachagua Takwimu Kuwa Shahada Yako

Siku zangu za mwanzo kazini nilikabidhiwa faili la data za kaya elfu mbili na ushei, nitafute wastani wa watoto kwa kila kaya. Nikapata 6.8, nikaandaa na jedwali kabisa. Msimamizi wangu akaitazama namba, akanitazama mimi, akasema, "Hebu fungua hiyo safu uisome kwa macho." Nikaanza kushuka nayo: 3, 2, 5, 0, 4, halafu 99. Nikashuka tena, 99 nyingine. Kumbe kaya zilizokataa kujibu ziliandikiwa 99. Nilipozitoa, wastani ukarudi kwenye 3 hivi. Shahada ninayo, na kumbe sikuwa na mazoea ya kuisoma data kabla ya kuipiga hesabu.

Nasimulia aibu hiyo kwa sababu wanaotaka kusoma takwimu huniuliza jambo moja tu: hesabu zake ngumu? Ngumu, ndiyo. Lakini hesabu hufundishwa. Utakwama, utarudia, utaelewa. Kuuliza namba imetoka kwa nani na imepita mikononi mwa nani ndiko kutakakokulipa mshahara, na hilo ulianze mwenyewe tangu mwaka wa kwanza.

Mwaka huo utakuwa wa kalkulasi (hesabu za mabadiliko) na matriki (namba zilizopangwa kwa safu na mistari). Usizitegee ukidhani takwimu zenyewe zinakuja baadaye. Rigresheni, mbinu ya kukadiria jambo moja kutokana na mengine, ambayo utaitumia hadi uzeeni, ukiifungua ndani ni matriki tupu.

Panapoangusha wengi ni kwenye uwezekano. Mimi nilikariri kanuni ya Bayes, ya kurekebisha uwezekano ukishapata taarifa mpya, kama kasuku muhula mzima, mpaka siku nilipoacha fomula nikaanza kuhesabu watu. Jaribu hivi: kuna watu 1,000, na 10 kati yao wana ugonjwa fulani. Kipimo kinawanasa 9 kati ya hao 10. Kati ya wazima 990, kinawasingizia asilimia 10, yaani 99. Waliopewa majibu kwamba wanaumwa wamefika 108, na wagonjwa wa kweli humo ni 9 tu, mmoja kati ya 12. Wachore watu hao kama vidoti kwenye karatasi, kisha ndiyo urudi kwenye fomula. Utaikuta imelainika.

Kozi ya sampuli, yaani kuchagua wachache wawakilishe wengi, wanafunzi huisinzia, nami nilisinzia. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamwangusha Rais Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt akazoa majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalichotwa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, tena wakati wa mdororo wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza. Wingi haukusaidia kitu. Sampuli ya watu 1,000 tu, ikichaguliwa kwa nasibu kweli, hukosea kwa kama asilimia 3 juu au chini. Ukitaka kosa hilo likatike nusu, 2,000 hawatoshi, watahitajika 4,000.

Hilo usilimeze kwa kuambiwa. Weka R, programu ya kuchambulia takwimu, kwenye kompyuta yako, ni ya bure, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland. Iamuru irushe sarafu mara 100, irudie zoezi hilo mara elfu moja, kisha uchore asilimia ya vichwa iliyopatikana kila mara. Halafu fanya vivyo hivyo kwa kurusha mara 400. Mchoro utajibana nusu mbele ya macho yako. Ukishaizoea R, ongeza lugha nyingine za kompyuta, Python na SQL. Na faili la asili usiliguse kamwe: kila badiliko liandikwe kwenye msimbo, ili ukiulizwa baada ya miezi sita uweze kuonyesha ulichofanya.

Chagua pia somo la pili: biolojia, uchumi, kilimo, lolote lenye watu wenye maswali. Takwimu zenyewe zilikua hivyo. William Gosset alikuwa kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, akihangaika na vipimo vichache vya shayiri, na mwaka 1908 akachapisha jibu lake kwa jina la kificho, Student. Mwanatakwimu Ronald Fisher alijengea mbinu zake nyingi kwenye mashamba ya majaribio ya Rothamsted, Uingereza, alikoanza kazi mwaka 1919.

Kuhusu ajira, milango ni mingi ila haifunguki kwa ufunguo mmoja. Bima na pensheni zinataka waaktuari, yaani wakokotoaji wa hatari na gharama za baadaye, na huko shahada ni mwanzo tu. Mitihani ya kitaaluma huchukua miaka, hivyo anza ya mwanzo ukiwa bado chuoni. Majaribio ya dawa mara nyingi yanataka shahada ya uzamili. Idara za sensa, benki, viwanda vinavyokagua ubora na kampuni za teknolojia huchukua wa shahada ya kwanza, lakini miaka ya mwanzo utasafisha data kuliko kujenga modeli. Mimi kazi hiyo niliichukia kama mwaka mzima. Sasa ndiyo siwaachii wengine.

Ukienda kwenye usaili, beba kazi moja uliyoifanya mwenyewe kwa data halisi, pamoja na dodoso (fomu ya maswali) lililoizaa. Hakika utaulizwa kwa nini ulifuta mistari fulani. Na ukiikuta 99, lisome dodoso kwanza: pengine 99 ni aliyekataa kujibu na 98 ni asiyejua, na hao wawili hawawekwi kapu moja.