Ukitaka kuwafundisha watoto Pasaka, anza na mwezi

Nafundisha watoto wa Kipaimara hapa Tanga. Kila Kwaresima swali ni lile lile: mbona Krismasi ina tarehe yake, Pasaka inahamahama? Usiwajibu kwa kalenda ya ukutani. Wapeleke ufukweni Raskazone jioni.

Mwezi ukiandama, kila mtoto aanze kuuchora daftarini usiku kwa usiku. Mawingu ya masika yakiuficha, waangalie maji. Watoto wa wavuvi watawaambia wenzao bamvua ni lini, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mwezi ukiwa mpevu, unachomoza jua likizama. Hapo hapo wasomee Kutoka 12: mwanakondoo achinjwe siku ya 14 ya mwezi. Miezi ya Kiyahudi huhesabiwa tangu mwandamo, kwa hiyo siku ya 14 ni mbalamwezi tupu. Yesu alikamatwa Gethsemane majira hayo hayo, na watoto wakishalijua hilo hawalisahau.

Siku ya Kiyahudi huanza jua likizama. Kwetu hilo halina ugumu, tunasema wenyewe "usiku wa kuamkia Ijumaa".

Kisha wape kanuni yetu: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi. Mwaka 2026 Wayahudi wanaanza Pasaka yao usiku wa kuamkia 2 Aprili, sisi ni tarehe 5. Lakini usiwaambie kwamba huwa zinafuatana hivyo. Niliwahi kusema hivyo, na mwaka 2024 mwanafunzi wangu akanisahihisha: sisi tulisherehekea 31 Machi, Wayahudi usiku wa kuamkia 23 Aprili. Wao huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, ili Pasaka isitoke kwenye majira yake. Nasi tangu Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, hatufuati hesabu yao.

Sasa chakula. Maandiko yanataja mboga zenye uchungu, na Mungu ametupa mchunga. Nunua fungu pale soko la Mgandini, chemsha kwa chumvi tu. Usitie tui, litaua uchungu wote. Mkate ni unga na maji, bila hamira, uchomwe haraka kwenye kikaango kikavu. Mwaka jana binti mmoja alitafuna mchunga, macho yakamlenga machozi, akauliza: "Mwalimu, walikula huu bila nazi?" Nikamwambia Waisraeli walikuwa watumwa Misri, na watumwa hawachagui kitoweo. Darasa likanyamaza.

Siwachezeshi watoto igizo la karamu ya Pasaka ya Kiyahudi. Wayahudi wapo, wanaila usiku huo mpaka leo, na ibada ya watu si mchezo wa darasani. Tunaonja, tunasoma, basi.

Usiishie hapo. Wayahudi huhesabu siku 50 kutoka Pasaka hadi Sikukuu ya Majuma, ya mavuno ya ngano na ya kukumbuka Torati ilivyotolewa Sinai. Umati wa Matendo 2 ulikuwa Yerusalemu kwa ajili ya sikukuu hiyo. Ndiyo Pentekoste yetu. Tafuta chupa na kunde. Jumapili ya Pasaka tia punje ya kwanza, kisha moja kila siku, watoto wakipokezana kuipeleka chupa nyumbani. Mwaka 2026 punje ya 50 itaingia 24 Mei.