Jinsi ya kumwandikia mtu wako habari za mwezi bila kuishia kwenye "tuko salama"

Sisi Waswahili kwenye salamu hatuna mpinzani. Habari za asubuhi, nzuri, za nyumbani, salama, watoto, hawajambo, kazi, tunamshukuru Mungu, yani mnaweza mkamaliza dakika tano nzima mnaulizana na kujibizana afu simu inakatwa na hakuna aliyejua kitu chochote kuhusu mwenzake. Hiyo adabu naipenda na siiachi, ila kwa mtu wako aliye mbali haitoshi, na mimi niliumia ndo nikajua.

Mdogo wangu yuko Muscat, Oman, tangu 2021. Mwaka 2023 mama alilazwa siku mbili kwa ajili ya sukari, na sisi huku kila akipiga simu tunamwambia mama hajambo, anakusalimia, mana hatukutaka kumtia mawazo akiwa ugenini na kazi zenyewe za kwenye jua. Akaja kuambiwa na jirani miezi mitatu baadaye, tena kwa kupitia tu, jirani akidhani anajua. Akanipigia usiku. Hakufoka wala nini, alisema neno moja tu, "Dada, kwani mimi nimekuwa mgeni?" Sikuwa na jibu. Toka mwezi ule namwandikia habari za mwezi mzima, nyumbani, kazini, mpaka mpira na vitabu, na sijaruka hata mwezi mmoja, kwaiyo haya nnayoandika hapa ni mambo nayafanya kweli na nimeona yanavyosaidia.

Kitu cha kwanza, mwandikie mtu mmoja. Usiandike kwa ajili ya grupu la ukoo. Kwenye grupu unajikuta unapima kila neno, shangazi atasemaje, shemeji atachukuliaje, mwisho unaandika tangazo. Ukimwandikia mmoja mkono unakuwa mwepesi mana unajua anachokijua na asichokijua, huna haja ya kumweleza mlango wa jikoni ni upi, yeye mwenyewe ndo aliyeuvunja akiwa darasa la nne. Kama una watu watatu muhimu basi andika tatu fupi, hata kama nusu ya maneno yatafanana.

Afu chagua siku na isibadilike. Mimi nilianza na Jumapili ya mwisho wa mwezi mana ndo siku nafunga cherehani, nikawa nashangaa jibu linakuja kwa kuchelewa na fupi, kumbe Oman mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili yangu mimi yeye ndo anaanza wiki, ameamka alfajiri, amechoka. Nikahamia Ijumaa ya mwisho wa mwezi jioni. Kwake saa iko mbele kwa moja, mimi nikituma saa mbili usiku yeye ni saa tatu, ameshakula, kesho yake hana kazi, anasoma kwa kutulia na majibu yakaanza kuwa marefu. Kwaiyo angalia siku ya mwenzako, siyo yako peke yako.

Sasa watu wengi wanakwama hapa, unakaa uandike afu mwezi mzima umefutika kichwani, unaona kama hakuna kilichotokea. Kimetokea, na ushahidi unao kwenye simu. Fungua meseji za M-Pesa au mtandao wowote unaotumia, shuka nazo toka tarehe moja, kila "imethibitishwa" ni habari, hii elfu kumi na tano ilikuwa ya nini, aaah, ndo siku ile bomba lilipasuka. Angalia siku ulizonunua umeme wa LUKU, angalia picha ulizopiga hata zile za risiti na za kitambaa, angalia uliopigiana nao simu. Mimi nina na daftari la oda, kila gauni lina tarehe na vipimo na jina, nikilipitia mwezi wote unarudi. Robo saa inatosha. Andika pembeni maneno mawili mawili tu, bomba, sukari ya mama, mkanda wa mashine, Stars, na usianze kuandika barua kabla hujamaliza kupitia.

Kabla hujaanza soma na ile ya mwezi uliopita, ya kwako na jibu lake. Kuna vitu uliviacha njiani, ulisema mtoto anasubiri matokeo, ulisema unatafuta fremu nyingine, yeye alisema kuna mtu kazini anamsumbua. Anza na hivyo. Hakuna kinachomfanya mtu ajue kwamba umemsikiliza kama kumuuliza yule mtu wa kazini vipi, bado?

Habari za nyumbani. Hapa sheria yangu ni kwamba jambo zito linatangulia na linasemwa kwa namba au kwa kitu kinachoonekana. Usiseme "mama anaendelea vizuri". Sema sukari ya mama Jumanne ya wiki ya kwanza ilisoma 13 kabla hajala, tukarudi kliniki, dozi ikabadilishwa, wiki hii imesoma 7 na kitu, na jana amefagia uwanja mwenyewe tukamkataza hakusikia. Aliye mbali akisoma hivyo anatulia, mana anamuona mama. Ukimwambia vizuri tu anaanza kuwaza mnamficha, na kama mliwahi kumficha kweli kama sisi ndo kabisa, inachukua muda kukuamini tena. Habari mbaya usiizungushe mpaka mwisho wa barua, mtu anahisi toka juu na anasoma haraka haraka akiitafuta.

Baada ya zito weka kidogo. Kidogo kabisa. Muembe wa kwa jirani umekatwa, sasa jua la saa tisa linaingia mpaka sebuleni na mama amehamisha kiti chake. Mdogo wangu aliniambia ile ya kiti ndo aliirudia mara nyingi, mana kile kiti kimekaa pale toka yuko mdogo. Habari za harusi na misiba atazipata kwa watu wengi, za kiti atazipata kwako tu.

Kwenye kazi usiandike "kazi zinaenda" wala "biashara ngumu", kila mtu anaandika hivyo. Chagua siku moja ya kazi uielezee. Mimi ni fundi wa nguo, mwezi wa nane mwaka 2025 nilikuwa na sare za kichen pati, magauni 11 ya kitenge kimoja, na siku mbili kabla ya shughuli mkanda wa overloki, ile mashine ya kumalizia kingo za kitambaa, ukakatika usiku, maduka yamefungwa, nikakaa mpaka saa nane na sindano ya mkono nalaza mapindo, gauni moja baada ya jingine, vidole vimepigwa mpaka asubuhi mteja ananipa hela siwezi kuzihesabu vizuri. Magauni 9 yalilipwa yote, mawili mpaka leo nimebaki na advansi tu. Hapo mtu anajua kazi yangu ikoje kuliko ningesema ngumu. Na kama kuna mtu amekudhulumu, mwambie mwenzako ilivyotokea na ulivyojisikia, jina si lazima, kinachotakiwa ni yeye akuelewe.

Na hapa kwenye kazi na hela naomba nikae kidogo mana ndo panapoharibu mawasiliano ya familia nyingi. Habari za mwezi zisibebe ombi la hela. Kabisa. Mtu aliye nje kila meseji ndefu kutoka nyumbani anaijua mwisho wake, anasoma salamu anasubiri "sasa mdogo wangu kuna jambo", na hata ukimwandikia kwa mapenzi yote anaisoma kama bili. Kama kuna shida ya hela, na shida zipo jamani, mpigie siku nyingine mwambie wazi, kiasi hiki, kwa ajili ya hiki, ukiweza sawa usipoweza sawa. Barua ya mwezi iache iwe ya kwake. Nilipoanza hivyo miezi miwili ya kwanza alikuwa bado ananiuliza mwishoni, "enhe dada, na nini kingine?", nikimwambia hakuna, nilitaka tu ujue. Mwezi wa tatu hakuuliza tena, badala yake ndo akaanza kunisimulia ya kwake, chumba wanachokaa wanne, chakula cha zamu, Mkenya wa Mombasa wanayepika naye pilau Ijumaa.

Burudani watu wanaiona kama nyongeza, mimi naona ndo sehemu inayomrudisha mtu nyumbani haraka kuliko zote. Ila usimpe matokeo tu, matokeo ameshayaona kwenye simu kabla yako. Mpe ulipokuwa. Tarehe 2 Agosti 2025 Taifa Stars wanafungua CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, uwanja wa Mkapa na Burkina Faso, tumeshinda 2-0, hilo dunia nzima inajua, ambacho haijui ni kwamba nilikuwa kibanda umiza, kile kibanda cha kuangalizia mpira, nimelipa jero, viti vimejaa, mzee mmoja kakaa juu ya ndoo na kila Stars wakishika mpira anasimama ndoo inaanguka, watu wanamwekea tena bila hata kumwangalia. Na tarehe 22, ile Ijumaa, Kenya wametolewa na Madagaska kwa penati jioni, sisi usiku tukatolewa na Moroko moja bila hapahapa kwetu, nimwambie nini zaidi ya kwamba tumetembea kurudi nyumbani mtaa mzima kimya, hata bodaboda hazipigi honi.

Kitabu au muvi vivyo hivyo, usisimulie mwanzo mpaka mwisho, sema kilichokushika. Mwezi uleule nilikuwa nasoma Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis, imetoka kwa Kiswahili 2022, na nilimwandikia jambo moja tu, kwamba kuna mtoto anaondoka nyumbani na tajiri akidhani anaenda kwa ndugu kumbe yeye mwenyewe ndo rehani ya deni la baba yake, na kwamba niliposoma pale nilifunga kitabu nikaenda kukaa nje. Akaniomba nimtumie. Ningemwandikia "nimesoma kitabu kizuri" asingeomba.

Kuandika au voisi noti? Inategemea mtu. Mama mkubwa wangu macho hayaoni vizuri, yeye namtumia sauti, na sauti isizidi dakika tatu, ikizidi kata mbili, na usirekodi kwenye daladala, konda anasikika kuliko wewe. Mdogo wangu anataka maandishi mana anarudia kusoma. Picha tuma moja au mbili, na chini andika ni nini.

Urefu ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Mwisho weka swali moja ambalo haliwezi kujibiwa kwa "nzuri". Siyo "za huko?", uliza kitu, kile kiyoyozi cha chumbani wameshatengeneza? Ijumaa mlipika nini?

Hii hapa ndo niliyomtumia tarehe 29 Agosti 2025, nimeipunguza:

"Mdogo wangu, marahaba, najua shikamoo yako inakuja. Mama kwanza: sukari ilipanda mwanzo wa mwezi, 13, wamebadilisha dozi, leo 7 na kitu, anakula, anafagia, anagombana na kuku. Kiti chake amekihamishia upande wa dirisha mana muembe umekatwa. Ule mkanda wa overloki nimenunua mpya na wa akiba, sitaki tena usiku kama ule, magauni 11 kwa mkono. Kesho fainali Kasarani, Moroko na Madagaska, yani waliotutoa sisi na waliowatoa Wakenya ndo wanakutana, mwambie huyo rafiki yako wa Mombasa msiba ni mmoja. Kitabu nimemaliza, kuna mtu anakuja huko mwezi ujao nitampa akuletee. Yule mtu wa kazini bado anakupangia zamu mbili? Niambie na alichosema ulipomjibu."

Ukishatuma weka simu chini, usikae unaangalia tiki. Wangu hujibu siku ya pili au ya tatu. Na kila ukituma nakili kwenye daftari au ihifadhi sehemu, mana simu zinaibiwa na zinaanguka kwenye maji, mimi yangu iliangukia kwenye ndoo ya kufulia na miezi minne ya majibu yake ikaenda nayo. Sasa hivi nayaandika kwa mkono, kwenye kurasa za nyuma za daftari la oda, ya kwangu na ya kwake, mwezi kwa mwezi, na mama akikaa dirishani jioni huniambia nimsomee la mwezi huu.