Somo: Kumpata mpiga piano wa kumsindikiza mtoto kwenye mtihani

Binti yangu anapiga fidla, na hiki ni kipindi cha tatu namtafutia msindikizaji. Nayaandika haya kwa mzazi anayeanza.

1. Tafuta mara vipande vinapochaguliwa, usingoje tarehe itoke. Muulize kwanza mwalimu wake, halafu wapiga kinanda wa kwaya na wanafunzi wa muziki.

2. Mpelekee noti za piano zenyewe, toleo lilelile analotumia mtoto. Wenye klarineti ya B bemoli msishtuke noti zikitofautiana: karatasi ya klarineti huandikwa toni moja juu ya sauti inayosikika, kwa hiyo mpiga piano asiisome hiyo.

3. Fanyeni mazoezi pamoja angalau mara mbili. Hapa ndipo utamjua mtu. Mara ya kwanza tulimpata fundi hodari, vidole vinakimbia, lakini hakumsikiliza mtoto hata kidogo. Wa pili, binti yangu aliporuka mstari mzima, aliruka naye bila kusimama, na mtoto hata hakugundua kwamba amekosea. Huyo ndiye wa kumng'ang'ania.

Mfundishe mtoto kuimba kimoyomoyo mstari wa kwanza ili apate mwendo, kisha avute pumzi na kuinamisha kichwa kidogo. Msindikizaji anaingia kwa pumzi ile. Sisi tulilirudia hilo tu kwa robo saa nzima, na lilisaidia kuliko kurudia kipande.

4. Siku yenyewe, fidla ipatanishwe na piano ya chumba kile, si ya nyumbani.

Maswali

Mwalimu wake anaweza kumsindikiza?
ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, wanaruhusu. Mtahini ndiye asiyesindikiza.

Mpiga piano wetu anasema sehemu yake ni ngumu mno. Tubadilishe kipande?
Hapana, msibadilishe. Kwa ABRSM anaweza kuirahisisha, mradi muziki ubaki muziki. Apunguze sauti za katikati, besi aiache.

Na rekodi je?
Inategemea bodi na gredi, soma silabasi ya mwaka wenu. Mimi naikwepa, maana rekodi haimsubiri mtoto akijikwaa.

Malipo tupange vipi?
Mapema, na kwa maandishi: mazoezi kivyake, siku ya mtihani kivyake, nauli ndani. Kubalianeni pia itakuwaje tarehe ikisogezwa.