Namna ya Kuzuia Utelezi wa Barafu Kwenye Minada na Maghala ya Samaki, Mtwara na Lindi

Katika nchi za baridi kali, barafu hushuka kutoka mbinguni na kumkuta mfanyakazi mlangoni pa ofisi yake. Huku kwetu Kusini tunainunua kwa fedha zetu, tunaipakia kwenye mkokoteni na kuiingiza kazini wenyewe. Anayeanguka haulizi imetoka wapi: mchukuzi aliyebeba tenga la vibua kichwani hukanyaga kipande kisichozidi ukubwa wa kokwa la embe, na kabla hajajua kilichotokea amekwisha kuvunja kiganja au kuumiza nyonga. Tena msimu wetu mbaya si kipupwe cha Juni na Julai, bali ni kaskazi, kati ya Desemba na Machi, joto linapoyeyusha barafu kwa haraka na mvua za mikoa hii kuongeza maji yao juu ya sakafu ambayo tayari imelowa.

Msimamizi wa mnada au ghala aanze na hesabu ya maji kabla ya kufikiria viatu. Katika joto la pwani, kanuni inayofahamika ni kuweka kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki, na kilo moja ya barafu ikiyeyuka yote hutoa lita moja ya maji. Mchuuzi mwenye kilo 300 za changu na jodari, kwa hiyo, amejiletea takriban lita 300 za maji yatakayotafuta njia ya kutoka, yakiwa yamechanganyika na damu, magamba na ule ute wa samaki unaoteleza kuliko sabuni. Maji hayo yasipopewa njia, yatajichagulia yenyewe, na mara nyingi huchagua pale watu wanapopita.

Kwa sababu hiyo, kila deli, yaani sanduku la kuwekea samaki na barafu, liwe na tundu la chini lenye kipande cha mpira kinachopeleka maji moja kwa moja kwenye mfereji, na liinuliwe juu ya chaga ili sakafu iliyo chini yake iweze kusafishwa. Anayejenga upya sakafu aipe mwinamo wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye mfereji uliofunikwa kwa chuma chenye matundu, na fundi aache uso wa saruji ukiwa na mkwaruzo badala ya kuulainisha kwa mwiko hadi ung'ae. Vigae vinavyong'aa hupendeza macho ya wageni, lakini mahali pa samaki havifai hata kidogo.

Mahali pa kuvunjia mabonge ya barafu panahitaji uangalizi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mazoea yaliyoenea ni kuliweka bonge njiani, kulipiga kwa nyundo au mtaimbo, na kuviacha vipande viruke kokote vitakakoruka. Kipande cha barafu kinachoyeyuka hufunikwa na utando mwembamba wa maji, na utando huo ndio unaoondoa mshiko kati ya soli na sakafu. Isitoshe, barafu safi iliyo juu ya saruji iliyolowa haionekani, hata jua likiwa limewaka. Itengwe pembe moja isiyo njia ya mtu, izungushiwe mbao pande tatu, na bonge livunjwe likiwa ndani ya gunia safi au kreti. Anayevunja awe na koleo karibu, na asiondoke kabla ya kukusanya vilivyomwagika.

Kuhusu usafi, kumwaga ndoo ya maji juu ya sakafu yenye mafuta ya samaki ni kuyasambaza tu. Kwanza vipande vya barafu na mabaki viondolewe kwa koleo, kisha sakafu isuguliwe kwa brashi ngumu na sabuni, isuuzwe, na maji yasukumwe hadi mferejini kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Kazi hiyo ifanywe nusu kwa nusu, ili daima uwepo upande mkavu wa kupita. Wapo wanaomwaga mchanga wa pwani, na ni kweli kwamba mchanga huongeza mshiko; utumike nje tu, kwenye njia ya mikokoteni, usije ukaingia kwenye samaki.

Vyumba vya kugandishia ndivyo vinavyofanana zaidi na nchi za baridi zenyewe. Mlango wa chumba chenye nyuzi 18 chini ya sifuri ukifunguliwa, hewa ya pwani iliyojaa unyevu huingia, unyevu ukaganda, na kizingiti kikavaa tabaka la barafu ngumu. Mlango usiachwe wazi wakati wa kupakia, pazia la vipande vya plastiki liwekwe na lisifungwe pembeni kwa kisingizio kwamba linasumbua, na barafu ya kizingitini ikwanguliwe kila siku kabla ya kazi kuanza. Chumvi ya kawaida haisaidii sana katika baridi ya kiwango hicho, na hutafuna chuma.

Ndala, kwa maoni yangu, zingepigwa marufuku kabisa. Zinashika maji, hazishiki mguu. Kiatu kinachofaa ni buti la mpira lenye meno marefu, na meno yakiisha buti hilo limekwisha, hata kama juu bado ni zima. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wao, na gharama ya buti ni ndogo kuliko ya mguu uliovunjika. Kwa mwendo, watu wa nchi za baridi hufundishwa kutembea kama pengwini: hatua fupi, unyayo wote chini, uzito juu ya mguu wa mbele. Mama zetu wanaobeba ndoo kichwani hawahitaji somo hilo; wanaolihitaji ni vijana wa mikokoteni, ambao pia wasukume mizigo isiyozidi kimo cha macho yao.

Mtu akianguka na kulalamikia kichwa, shingo, mgongo au nyonga, asiinuliwe kwa kuvutwa mkono. Aachwe alivyo, afunikwe asipate baridi ya sakafu, na usafiri wa kumpeleka hospitali uitwe. Baadaye ziandikwe kwenye daftari saa, mahali na hali ya sakafu, hata kwa wale waliojikwaa tu wakacheka. Baada ya wiki chache daftari hilo huonyesha kwamba wengi wameteleza hatua tatu zile zile, kati ya mzani na mlango, na hapo ndipo mfereji unapotakiwa kuchimbwa.