SOMO: Kupanga mbao zilizobomolewa kwa kompyuta

Wakuu, nimechoka kujibu PM (ujumbe wa faragha) zilezile za jinsi ya kujua kipande kipi kitoke ubao upi, naweka yote hapa. Ni mbao za kenchi na boriti kutoka nyumba zilizobomolewa, kila moja na urefu wake.

1. Ng'oa misumari, kisha pitisha kifaa cha kutambua chuma.

2. Brashi ya waya. Zianike kivulini.

3. Kila ubao upewe namba.

4. Pima. Kabla hujashika futi, paka rangi nyekundu ncha moja na uchore mshale usoni. Nyufa, mafundo, misumari iliyokatikia ndani, vyote viandikwe kwa umbali kutoka ncha hiyo. Mimi niliandika vipimo vizuri ila sikupaka rangi. Ubao namba 17, mninga, ukapandishwa kwenye mashine ya CNC (inakata yenyewe kwa kufuata faili la kompyuta) umegeuzwa. Faili lilijua msumari uko sm 40 kutoka mwanzo, mashine ikaukuta upande wa pili. Biti (kisu cha mashine kinachozunguka) ilivunjika, kipande kikapita karibu na shavu la kijana wangu. VAENI MIWANI. Na upana upimeni sehemu tatu, mwandike ulio mdogo.

5. Orodha mbili: mbao ulizonazo, vipande unavyotaka. Kwenye urefu wa kila ubao punguza sm 2 kila ncha, na unene wa msumeno.

6. Linganisha kila kipande na kila ubao. Gharama ya kila jozi ni bakaa ya urefu, yaani kinachobaki ubao ukikatwa; kipande kisipotosha kwenye ubao huo weka namba kubwa mno. Python (lugha ya kuandikia programu) inapanga kwa linear_sum_assignment, amri iliyomo kwenye SciPy (mkusanyiko wa zana za hesabu), ili jumla ya gharama iwe ndogo kabisa.

MASWALI

Bwanyenye: Mkuu software gani?

Hatua ya 6.

Mama Seremala: Kwa nini nisianze na kipande kirefu nikashuka, bila kompyuta?

Swali zuri dada. Kwa urefu peke yake utapatia. Upana ukiingia ndipo mambo yanapobadilika. Una ubao A, mita 2.4 kwa sm 15, na B, mita 2.6 kwa sm 10. Unataka kipande cha mita 2.3 kwa sm 10, na cha mita 2.2 kwa sm 15. Ukianza na kirefu, utakipa A kwa kuwa bakaa ni ndogo. Cha pili hakina pa kwenda, B ni mwembamba. Kompyuta inaviangalia vyote kwa pamoja: kirefu B, kifupi A.

Kobe: Roboti ni za wazungu, fundi wetu atazipata wapi?

Nimeandika wapi ununue roboti? Orodha ikishatoka, kata hata kwa msumeno wa mkono. Mfano wa roboti ni Hooke Park, msitu wa chuo cha usanifu majengo huko Uingereza, walikojenga ghala kwa panda za miti. Kompyuta ilipanga panda ipi ikae wapi, mkono wa roboti ukachonga viungo.

Mama Seremala: Na zenye rangi ya zamani?

Usichome wala usipige msasa mkavu, huenda ina madini ya risasi (lead), ni sumu. Lowesha, kwangua, vaa barakoa.

Fundi Tanga: Namba za rangi hufutika. Mimi napigilia kibati cha kopo chenye namba.

Hiyo naichukua kaka. Ila kipigilie ndani ya zile sm 2 zinazotupwa, kisikutane na biti.